Joho na Uso: Hadhi na Hulka ya Mfalme katika Picha za Makasri ya Baroki

Uhakiki wa picha za wafalme wa karne ya 17 umezoea kugawika katika kambi mbili. Kambi ya kwanza humwona mchoraji wa kasri kuwa msifu wa kulipwa, mtu aliyekodiwa kipaji chake ili kuupamba utawala. Kwa wahakiki wa kambi hii picha ya mfalme ni itikadi iliyotiwa fremu, na kazi ya mhakiki ni kuifichua. Kambi ya pili humwona mchoraji mkubwa, hasa Diego Velázquez, kuwa shahidi mkweli aliyejipenyeza ndani ya kasri, akamchora bwana wake jinsi alivyo, naye bwana asitambue kuwa amevuliwa nguo mbele ya watu. Kambi hizi zinapingana katika kila jambo isipokuwa moja. Zote huchukulia kwamba hadhi na hulka ni vitu viwili vilivyotengana ndani ya picha, hadhi ikikaa katika joho na hulka ikikaa katika uso, na kwamba anayetaka kumjua mtu hana la kufanya ila kulisahau joho akautazama uso.

Makala haya yanaipinga dhana hiyo. Yanashikilia kwamba katika sanaa ya makasri ya Baroki uso nao ulikuwa vazi la cheo, tena vazi gumu kulivaa kuliko manyoya na dhahabu. Na kwamba hulka ya mfalme, pale inapojitokeza, aghalabu haimo katika picha yoyote moja, bali imo katika tofauti baina ya picha na picha zilizochorwa kwa miaka mingi. Mfano mkuu utakuwa Felipe IV wa Uhispania na mchoraji wake Velázquez. Louis XIV wa Ufaransa na Charles I wa Uingereza wataletwa kwa ajili ya ulinganishi tu.

Suala hili lina uzito kwa mhakiki wa fasihi pia, kwa kuwa linagusa sanaa yoyote iliyozaliwa chini ya kivuli cha mtawala. Je, msanii anayelishwa na mfalme aweza kusema kweli juu ya mfalme huyo? Na akiisema, huisema wapi, ikiwa kila mstari wa kazi yake umelipiwa?

Kaida za hadhi

Picha ya kasri ilikuwa na kaida zake, nazo hazikutofautiana sana baina ya nchi na nchi. Mfalme husimama wima, mwili mzima, mara nyingi kwa ukubwa wa mtu halisi. Nyuma yake pana nguzo ya jiwe inayoashiria uthabiti. Juu yake pazia zito lililofungwa kando, kana kwamba amefunuliwa punde hii. Pembeni meza yenye taji, kofia au karatasi. Akiwa juu ya farasi, hushika hatamu kwa mkono mmoja tu, kwani anayemtuliza mnyama mkubwa kwa mkono mmoja amekwisha kutoa hoja juu ya kuwatawala watu pasi na kusema neno. Kaida hizi zilifanya kazi ile ile ifanywayo na mianzo na majina ya sifa katika ushairi wa kumsifu mtawala: hazimwelezi mtu, zinamtangaza. Anayezisikia hujua kwanza kwamba anasifiwa mfalme. Ni mfalme yupi, hilo hufuata baadaye.

Kilele cha kaida hizi ni picha ya Louis XIV iliyochorwa na Hyacinthe Rigaud mwaka 1701, ambayo sasa imo katika makumbusho ya Louvre, Paris. Kimo chake ni takriban mita 2.77. Mfalme amevaa joho la kutawazwa, rangi ya samawati, lililotariziwa mayungiyungi ya dhahabu, na bitana yake ni manyoya meupe ya ermini. Joho limerudishwa begani ili miguu ionekane. Ubavuni pana upanga uliodaiwa kuwa wa Charlemagne. Taji limewekwa kwenye mto, halimo kichwani. Fimbo ya enzi ameishika juu chini, kichwa chake kikiwa kimeegemezwa kwenye mto, kama mtu anavyoegemea bakora yake katika ua wa nyumba yake mwenyewe. Ishara hii ndogo ni ya werevu mkubwa: mwenye enzi ya kweli hana haja ya kuiinua fimbo.

Mwaka 1840 mwandishi wa Uingereza William Makepeace Thackeray aliichorea picha hii kejeli iliyopata umaarufu. Alichora maumbo matatu: nguo zikiwa zimesimama peke yake, kizee kifupi chenye upara na kitambi, kisha mfalme kamili, yaani kizee ndani ya nguo. Kejeli hii inachekesha, na wahakiki wa kambi ya kwanza huipenda, lakini haikuisoma picha vizuri. Rigaud hakukificha kizee. Louis alikuwa na umri wa miaka 62 au 63, meno yake mengi ya juu yalikuwa yameng'oka, na kinywa kilichobonyea kinaonekana wazi katika picha. Kilicho cha ajabu ni miguu. Miguu ile, yenye soksi za hariri na viatu vya visigino vyekundu, imepangwa kama ya mcheza dansi, nayo ni miguu ya kijana; Louis alikuwa amesifika kwa dansi za kasri katika ujana wake, na mwaka 1653 alicheza kama Jua. Mwili mmoja, basi, una umri wa aina mbili. Uso umetawala tangu 1643 na umechoka. Miguu haijui uchovu. Tena inasemekana na watafiti wa picha hii kwamba kichwa kilichorwa kwenye kitambaa cha peke yake, kisha kikatiwa ndani ya turubai kubwa. Mshono huo ndio ufafanuzi bora wa picha nzima.

Mhakiki Mfaransa Louis Marin, katika kitabu chake cha mwaka 1981 juu ya picha ya mfalme, alifika mbali zaidi na kudai kwamba mfalme huwa mfalme kamili ndani ya picha zake tu. Dai hili lina mashiko kuhusu Versailles. Kulihamishia kila kasri, kama walivyofanya baadhi ya wafuasi wake, ni haraka isiyo na baraka, maana huko Madrid kaida zilikuwa nyingine.

Huzuni iliyosomwa baada ya shoka

Kabla ya kufika Madrid yafaa kutua London kidogo, kwa sababu huko ndiko kosa la kuusoma uso linakoonekana waziwazi. Anthony van Dyck alizaliwa Antwerp mwaka 1599, mwaka ule ule aliozaliwa Velázquez huko Sevilla, na mwaka 1632 akawa mchoraji wa Charles I. Mfalme huyu alikuwa mfupi wa kimo, na Van Dyck aliutatua ugumu huo kwa umbuji wa hali ya juu. Katika picha ya mwindoni ya takriban mwaka 1635, iliyoko Louvre, mfalme ameshuka farasini. Amesimama mahali pa wazi mbele ya anga, kofia pana kichwani, mkono kiunoni, akimtupia mtazamaji jicho juu ya bega. Farasi, ambaye kwa kawaida humpita mtu kimo, ameinamisha kichwa kana kwamba anasujudu. Hapana taji wala fimbo ya enzi. Hadhi yote imehamishiwa katika namna ya kusimama, katika ule uzembe wa makusudi wa mtu asiyetarajia kupingwa. Hata hivyo Van Dyck hakuithubutu kazi yake kikamilifu, kwani kwenye jiwe pembeni kumeandikwa kwa Kilatini jina la mfalme na ufalme wake.

Picha nyingine ya Van Dyck inamwonyesha Charles mara tatu katika turubai moja, kutoka pande tatu. Ilichorwa 1635 hadi 1636 ili ipelekwe Roma, mchongaji Gian Lorenzo Bernini apate kuifuata katika kuchonga sanamu ya kichwa cha mfalme. Hadithi iliyoenea baadaye yasema kwamba Bernini alipoitazama aliona katika uso ule dalili za mtu aliyeandikiwa msiba. Charles alikatwa kichwa tarehe 30 Januari 1649, na tangu hapo vizazi vya wahakiki vimeisoma huzuni ya macho yale kama utabiri. Huzuni hiyo ilisomwa baada ya shoka. Macho mazito kama yale Van Dyck aliwapa makabaila wengi wa Uingereza, wake kwa waume, ambao wengi wao walikufa vitandani mwao. Yalikuwa mtindo wa haiba, na mteja aliyatarajia kama alivyotarajia hariri ing'ae. Msomaji anayeyafanya hulka ya Charles hufanya kosa lile lile la msomaji wa tamthilia anayejua mwisho wa shujaa, kisha akadai kuuona mwisho huo katika kila neno la onyesho la kwanza.

Weusi wa Madrid

Felipe IV alirithi ufalme mwaka 1621, akiwa na umri wa miaka 15. Miaka miwili baadaye Velázquez, kijana wa miaka 24, aliajiriwa kuwa mchoraji wake, na uhusiano huo haukukatika hadi kifo cha mchoraji mwaka 1660. Mwaka 1623 ndio pia mwaka ambao sheria ya kuzuia israfu ilipiga marufuku zile kola pana za mikunjo zilizokuwa fahari ya kizazi kilichotangulia. Mahali pake pakaingia golilla, kola ngumu, tambarare na isiyo na pambo, iliyomlazimisha mvaaji kuinua kidevu. Vazi hili linastahili kuzingatiwa na yeyote anayesoma nyuso za picha hizi, kwa kuwa kichwa kilichoshikiliwa na golilla huonekana kina kiburi hata kama mwenyewe ana usingizi.

Picha ya mwanzo ya kusimama, iliyoko katika makumbusho ya Prado, Madrid, inamwonyesha mfalme katika nguo nyeusi. Hapana nguzo wala pazia, hapana taji, na sakafu haitengani vizuri na ukuta. Mkono mmoja umeshika karatasi iliyokunjwa. Mwingine uko karibu na upanga, na nyuma yake pana meza yenye kofia. Nishani ya Manyoya ya Dhahabu ipo, lakini ni ndogo kiasi kwamba mtazamaji wa haraka huipita. Mtu asiyejua aweza kudhani huyu ni karani wa cheo. Naam, wafalme wa Kastilia wa enzi hiyo hawakuwa na sherehe ya kuvishwa taji kama ile ya wafalme wa Ufaransa, na ufalme wao haukuzoea kujieleza kwa vyombo. Mfalme wa Uhispania alitambulikana kwa kutohitaji kitu. Karatasi yasema kwamba anasikiliza maombi ya raia, upanga wasema kwamba anawalinda, na weusi uliobaki wasema kwamba hana la kuongeza.

Picha hiyo ina siri yake. Velázquez aliichora upya miaka michache baadaye, takriban mwaka 1628, na picha za eksirei zimefichua umbo la kwanza chini ya rangi. Awali miguu ilipanuka zaidi na joho lilijaa zaidi. Umbo hilo la kwanza linalingana na nakala ya mwaka 1624 iliyoko Metropolitan, New York, na uso wa nakala hiyo ni mzito kuliko ule unaoonekana leo Prado. Mchoraji alimpunguza mfalme, akamrefusha, akamnyamazisha. Wahakiki wa kambi ya pili, wanaomwita Velázquez shahidi asiyeweza kusema uongo, hawajaujibu ushahidi huu ipasavyo. Kama angekuwa mpiga chapa wa maumbile tu, asingekuwa na haja ya kurudia. Alirudia kwa sababu alikuwa akitafuta uso unaostahili cheo.

Uso huo ulikuwa wa namna gani? Wageni waliofika Madrid waliandika kwa mshangao kwamba katika mabaraza mfalme alikaa au kusimama kama sanamu, asitikise kiungo ila midomo. Utulivu huo, ambao Wahispania waliuita sosiego, ulifundishwa na kutazamiwa. Kwa hiyo ule ubaridi ambao wasomaji wa kisasa huuona katika picha na kuuita utupu, uchovu au hata upumbavu, ulikuwa sehemu ya itifaki. Ni sawa na mtu wa mbali amsikie mwanachuo akisoma kwa mahadhi, adhani kuwa analia. Uso wa Felipe ulikuwa umevishwa kabla mchoraji hajafika.

Nguvu ya mtindo huu yaonekana zaidi ukilinganishwa na njia ambayo Madrid ingeweza kuifuata. Peter Paul Rubens alipozuru mwaka 1628, alimchora Felipe juu ya farasi akizungukwa na maumbo ya kijazanda, Imani na Haki wakiwa miongoni mwao. Picha hiyo iliteketea katika moto wa kasri la Alcázar mwaka 1734, ila nakala yake imehifadhiwa Firenze. Velázquez alipochora mfalme juu ya farasi, takriban mwaka 1635, aliwafukuza malaika wote. Mfalme anaonekana ubavu, katika deraya na mshipi mwekundu, farasi ameinua miguu ya mbele, na ng'ambo yake pana mabonde ya nchi yake yenye rangi ya kijivu na kijani. Pembeni, chini, pana karatasi iliyochorwa juu ya jiwe, mahali ambapo mchoraji huandika jina lake. Karatasi hiyo ni tupu. Van Dyck alihitaji kuandika jina la mfalme. Velázquez hakuandika la mfalme wala lake.

Hadhi inayovuka bahari

Picha hiyo ya farasi ilitengenezwa kwa ajili ya Ukumbi wa Falme katika kasri jipya la Buen Retiro. Ndani ya ukumbi huo zilitundikwa picha tano za familia ya mfalme juu ya farasi, picha 12 za vita vya ushindi, na picha 10 za Hercules zilizochorwa na Zurbarán. Miongoni mwa picha za vita, moja ina umuhimu wa pekee kwa hoja ya makala haya. Ni ile ya Juan Bautista Maíno juu ya kutekwa upya kwa Bahía, Brazil, mwaka 1625. Waholanzi walioshindwa wamepiga magoti, na jemadari anawaonyesha, si mfalme, kwani mfalme yuko Madrid, bali zulia la ukutani lenye sura ya mfalme. Ndani ya zulia Felipe anavishwa shada la ushindi na Minerva na waziri wake Olivares. Walioshindwa wanaisujudia picha. Hapa picha ya kasri inaonyesha kazi yake yenyewe bila kificho: inakwenda mahali ambapo mwili hauwezi kwenda.

Pwani ya Afrika Mashariki haikuwa nje ya mipaka ya enzi hii. Hadi mwaka 1640 Felipe IV alikuwa pia mfalme wa Ureno, na hivyo ndiye aliyekuwa mwenye enzi juu ya Ngome ya Yesu wakati Sultani Yusuf bin Hasan alipowaasi Wareno mjini Mombasa mwaka 1631. Maandishi ya Kireno yaliyochongwa juu ya lango la ngome, yenye tarehe ya mwaka 1639, yanamsifu kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyewekwa mwaka 1635, kwa kuirejesha pwani katika utiifu kwa Mtukufu Mfalme baada ya uasi wa yule anayeitwa humo mfalme dhalimu. Huyo Mtukufu ndiye yule yule aliyekuwa akichorwa juu ya farasi wakati huo huo. Lakini Mombasa, katika maandishi hayo, hana uso. Ni cheo kilichochongwa jiweni, nacho kimekuja na adhabu kwa Pate na Siyu. Hadhi inaweza kusafiri peke yake hadi upande wa pili wa dunia na kufanya kazi yake kikamilifu bila chembe ya hulka. Wahakiki wanaosema kwamba picha ya mfalme hushindwa kama haikumfunua mtu wangefaa kulitazama lango hilo.

Tofauti baina ya picha na picha

Ikiwa hadhi inajitosheleza hivyo, na uso nao ni sehemu ya hadhi, hulka itafutwe wapi? Jibu limo katika urefu wa muda. Velázquez alimchora mtu mmoja kwa zaidi ya miaka 30, katika kaida zile zile, golilla ile ile, utulivu ule ule. Kwa kuwa kila kitu kimeshikiliwa pasipo kubadilika, kile kidogo kinachobadilika huanza kusema. Mhusika anayeonekana bapa katika sura yoyote moja ya riwaya aweza kuwa duara kwa msomaji aliyezisoma sura zote, na ndivyo ilivyo kwa Felipe.

Mwaka 1644 mfalme alikwenda vitani Catalonia, ambako uasi ulikuwa umeanza miaka minne nyuma. Olivares alikuwa ameondolewa madarakani mwaka uliotangulia, na jeshi la Uhispania lilikuwa limepigwa vibaya Rocroi. Katika mji mdogo wa Fraga, ndani ya chumba kilichotengenezwa kwa haraka, Velázquez alimchora kwa muda wa siku chache akiwa katika nguo nyekundu zenye fedha, fimbo ya ujemadari mkononi. Picha hiyo sasa iko katika mkusanyiko wa Frick, New York. Ilipelekwa Madrid, na mji wa Lérida ulipotekwa, Wakatalani waliokuwa mjini humo waliitundika kanisani chini ya chandarua kilichotariziwa dhahabu. Ni picha ya mwisho ya mfalme mshindi. Rangi zinawaka kuliko katika picha nyingine zote za Felipe, lakini uso umeanza kunenepa chini ya macho, na ule mng'ao wa nguo unafanya kazi ambayo zamani haikuhitajika. Mtu aliyekuwa akitambulikana kwa weusi sasa anahitaji wekundu. Hilo halionekani Fraga pekee. Linaonekana kwa anayekumbuka picha ya karatasi na upanga.

Malkia Isabel alikufa mwezi Oktoba mwaka huo huo. Mrithi, Baltasar Carlos, alikufa Oktoba 1646 akiwa na miaka 16. Ikafuata miaka tisa isiyo na picha ya mfalme. Sababu inajulikana kwa kinywa chake mwenyewe, kwani katika barua ya Julai 1653 kwa mtawa aliyekuwa akiandikiana naye Felipe alieleza kwamba hakuwa na hamu ya kuustahimili ugoigoi wa Velázquez, wala ya kujiona akizeeka. Ushahidi huu una thamani kuliko kurasa nyingi za nadharia. Mfalme hakulalamika kwamba mchoraji anamdhalilisha. Hakumfukuza, baadaye akampandisha cheo hadi kumfanya mwanachama wa Daraja la Santiago mwaka 1659. Alichokihofia ni mfuatano. Alijua kwamba picha mpya, hata ikiwa imetimiza kila kaida, itawekwa pembeni mwa zile za zamani, na hapo ndipo itakaposema.

Hatimaye alikubali. Picha za kichwa na mabega za miaka ya 1650, moja Prado na nyingine katika National Gallery, London, ni matokeo ya ukubali huo. Ile ya Prado haina hata nishani: nguo nyeusi, golilla, na uso uliolegea mashavuni, masharubu yakiwa yamesokotwa kwa uangalifu uleule wa miaka 30 nyuma. Hapana kejeli, na wala hapana huruma ya kupita kiasi. Macho hayaombi lolote. La kushangaza, na linaloivunja kambi ya pili kabisa, ni kwamba uso huu ndio uliokuwa kielelezo rasmi. Karakana ya Velázquez na wengineo walitoa nakala zake kwa wingi. Kasri liliuona ukweli huo na kuutuma ulimwenguni. Mchoraji hakumsaliti bwana wake kwa siri. Alikuwa amemjengea mfalme, kwa miaka yote ile ya kujinyima mapambo, lugha ambayo ndani yake uzee uliweza kusemwa pasipo kuishusha hadhi. Rigaud naye aliusema uzee, lakini ilimbidi aushonee miguu ya kijana.

Hapa ni pahali pa kutaja zile picha za mbilikimo na wacheshi wa kasri, kwa kuwa mara nyingi hutumiwa kuthibitisha kwamba Velázquez alikuwa upande wa wanyonge. Katika picha ya Sebastián de Morra, ya katikati ya miaka ya 1640, mbilikimo huyo amekaa chini, nyayo zikimwelekea mtazamaji, ngumi zimekazwa, macho yakitazama moja kwa moja bila kupepesa. Picha moja hiyo inampa mtu aliyekamilika, jambo ambalo mfalme hakulipata ila kwa picha za miaka mingi. Sababu si lazima iwe mapenzi ya mchoraji. De Morra hakuwa na itifaki ya uso. Hakuna aliyemfunza sosiego wala aliyemtazamia awe sanamu, na kwa hiyo mchoraji alikuta uso usiovishwa. Uhuru wa kuonekana ulikuwa fidia ya kukosa cheo, na fidia hiyo si kubwa sana ikikumbukwa kwamba mbilikimo hao waliorodheshwa miongoni mwa starehe za nyumba ya mfalme.

Katika picha mashuhuri ya mwaka 1656, Las Meninas, ambayo Michel Foucault aliianzia kitabu chake cha 1966, mfalme na malkia Mariana wamo ndani ya kioo kidogo ukutani tu, sura zao zikiwa ukungu. Mengi yameandikwa juu ya kioo hicho. Katika mkondo wa hoja hii inatosha kuona kwamba picha hiyo iliwekwa katika chumba cha kazi cha mfalme mwenyewe. Mtazamaji wake wa kwanza alikuwa Felipe, akisimama pale ambapo kioo kinadai kwamba amesimama. Mtu aliyekataa kujiona akizeeka alipewa picha ya mita 3 ambamo yeye haonekani vizuri, na baadhi ya watu waliomo wanamtazama.

Felipe alifariki mwaka 1665, na nasaba yake ya kiume ikakoma kwa mwanawe Carlos II mwaka 1700. Aliyerithi alikuwa mjukuu wa Louis XIV, kijana wa miaka 16 aliyezaliwa na kulelewa Versailles, ambaye kwa upande wa bibi yake alikuwa kitukuu cha Felipe IV. Ile picha kubwa ya Rigaud ilikusudiwa kuwa zawadi kwa kijana huyo, ila babu aliipenda mno akabaki nayo. Kabla ya hapo Rigaud alikuwa amemchora kijana mwenyewe, Felipe V, kama mfalme wa Uhispania. Alimvisha nguo nyeusi za Madrid, upanga ubavuni, shingo ndani ya golilla. Kila kipengele kimefuatwa. Lakini nyuma yake Rigaud ameweka pazia, na juu ya meza ameweka taji, na kidevu kilichoinuliwa na kola ile hakionekani kujua bado ni cha nani.